Fedha ya kale ya Oman: ipime kwanza, ndipo usikilize hadithi yake

Swali: "Assalaam alaykum. Mimi ni mkazi wa Tanga. Nitakwenda Maskati kwa siku 12 kwenye harusi ya binti wa mjomba wangu, na nimeweka kando riali 300 za Oman ninunue vitu vya fedha vya zamani: hirizi ya kuvaa shingoni, mafurungu ya miguuni, pengine mrashi wa kunyunyizia marashi, na bei ikiruhusu jambia moja la kutundika ukutani. Bibi yangu alikuwa navyo vyote, vikauzwa wakati wa shida. Nimeshaonywa kwamba sokoni vya kughushi vimejaa. Nitaijuaje fedha halisi na uzee wake, niende wapi, nilipe kiasi gani, na nitavipitishaje uwanja wa ndege?"

Jibu: Wa alaykum salaam, dada. Kila kitu cha fedha utakachoshikishwa Maskati kina bei mbili ndani yake. Ya kwanza ni ya madini, nayo unaweza kuihesabu wewe mwenyewe pale pale dukani. Ya pili ni ya kazi ya mkono na uzee, nayo ndiyo muuzaji huipamba kwa maneno. Watu hupoteza pesa zao kwa sababu huanza na hiyo ya pili. Anza na mizani.

Kabla hujaondoka Tanga, tafuta mizani ndogo ya kidijitali ya sonara, inayopima hadi gramu 500 na kuonyesha sehemu ya mia ya gramu. Beba pia sumaku ndogo yenye nguvu, lenzi ya sonara inayokuza mara kumi, uzi mwembamba wa kushonea, kikombe chepesi cha plastiki na karatasi nyeupe. Vyote vinaenea kwenye mfuko wa miwani. Usibebe tindikali ya kupimia fedha. Haingii kwenye ndege, na hakuna mwenye duka atakayekubali ukwangue kitu chake na kukitonesha dawa.

Fedha ya Oman ilitoka wapi

Sehemu kubwa ya mapambo ya zamani ya Oman yalifuliwa kutokana na sarafu zilizoyeyushwa, na sarafu kuu ni ile ambayo mabibi zetu wa pwani waliiita reale: sarafu ya Maria Theresa wa Austria. Malkia huyo alifariki mwaka 1780, na tangu hapo sarafu imeendelea kupigwa kwa mwaka uleule, mahali pengi: Vienna, Roma, London, Paris, Bombay na kwingineko. Kwa hiyo muuzaji akikuonyesha mkufu wenye reale na kusema "tazama, umeandikwa 1780, una zaidi ya miaka mia mbili", hajakuambia chochote kuhusu umri wa mkufu. Vienna inaipiga hata leo. Reale ya juzi ni fedha ya kweli, ila si ya kale.

Hata hivyo reale ni msaada mkubwa kwako, kwa kuwa vipimo vyake havibadiliki. Uzito wake ni gramu 28.07, upana wake ni milimita 40 kwa kukaribia, na fedha safi iliyomo ni sehemu 833 kwa 1000, yaani gramu 23.39. Iliyotumika sana inaweza kushuka hadi gramu 27 na nusu. Igeuze uitazame ukingoni: pana maneno ya Kilatini yaliyoinuka, IUSTITIA ET CLEMENTIA, yenye vipambo katikati. Za kughushi zilizomiminwa kwenye kalibu huwa na ukingo mtupu, au maneno yaliyovimba na kufifia, au mstari mwembamba unaozunguka pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Ukikuta reale ya gramu 22, irudishe. Iliyolehemewa kikuku cha kuning'inizia itazidi uzito kidogo, na hilo si kosa.

Katika mikufu utakuta pia rupia za India, zenye sura ya Victoria, Edward wa Saba au George wa Tano. Hizo zina miaka ya kweli, kwa hiyo zina faida moja: mkufu wenye rupia ya 1917 haukutungwa kabla ya 1917. Kinyume chake hakithibitiki. Sarafu kongwe hutiwa kwenye uzi mpya kila siku. Rupia ya zama hizo ina gramu 11.66 na fedha sehemu 917 kwa 1000. Mwaka 1940 fedha ilipunguzwa hadi nusu, kwa hiyo usilipie za baadaye kama za awali.

Kupima kwa maji

Hiki ndicho kipimo cha kukitegemea, na hakiharibu kitu. Kila madini yana uzito wake kwa ujazo uleule. Fedha safi ni gramu 10.49 kwa sentimita moja ya ujazo. Fedha ya reale, iliyochanganywa na shaba nyekundu, hukaa karibu na 10.2. Shaba ya njano, pamoja na ile shaba iliyotiwa nikeli ikawa nyeupe kama fedha, hukaa kati ya 8.4 na 8.8. Bati liko 7.3. Tofauti hizo ni kubwa, mizani yako ndogo itazikamata.

Fanya hivi. Pima kitu kikavu, uandike uzito. Tuseme ni hirizi inayofunguka, ya gramu 142. Weka kikombe chenye maji juu ya mizani, bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri. Funga hirizi kwa uzi na uishushe mpaka izame yote, lakini isiguse chini wala pembeni, ikining'inia mkononi mwako. Mizani itaonyesha namba mpya. Hiyo ndiyo ujazo wa madini. Ikionyesha 14.0, gawanya 142 kwa 14.0, utapata 10.1: fedha nzuri. Ikionyesha 16.5, jibu ni 8.6, na hiyo ni shaba iliyovishwa, hata ingekuwa na weusi wa kupendeza namna gani.

Yako mambo manne yanayoharibu hesabu. Mapovu ya hewa yanayonata kwenye nakshi huongeza ujazo na kuifanya fedha nzuri ionekane shaba, kwa hiyo itikise hirizi ndani ya maji, uinyanyue, uishushe tena. Mafurungu mengi yana uwazi ndani, baadhi yana vijiwe vya kulia, na bangili nyingine zimejazwa lakiri ili zisibonyee: hizo usizipime kwa maji, jibu litakuwa la uongo. Shanga, mawe, kitambaa na ubao pia huvuruga, kwa hiyo pima kipande kinachofunguka peke yake. La nne ni la adabu zaidi kuliko la hesabu. Hirizi ni kijisanduku, na zile zilizozibwa huenda bado zina karatasi yenye aya. Itikise sikioni kwanza. Ukisikia kitu chepesi kinateleza, au ikiwa imezibwa na ina uwazi ndani, usiitie majini kabisa. Ya namna hiyo utaihukumu kwa lenzi.

Vipimo vya mitaani vinavyosifiwa sana havitoshi. Sumaku hukamata hasa chuma. Shaba, bati na alumini haviitikii, kwa hiyo sumaku inaweza kukataa kitu, haiwezi kukithibitisha. Kipande cha barafu huyeyuka upesi juu ya fedha, lakini juu ya shaba nyekundu nako huyeyuka upesi vilevile. Mlio wa kengele hutegemea umbo kuliko madini. Kinachofaa kwa haraka ni karatasi nyeupe: sugua ukingo wa kitu juu yake. Kikiacha mstari mzito wa kijivu kama wa penseli, kina risasi nyingi. Halafu kisugue kwenye kiganja chenye joto mpaka kipate moto, ukinuse. Harufu kali ya sarafu mkononi maana yake shaba imejitokeza.

Kusoma uzee

Madini yakikubali, sasa tazama umri. Chukua lenzi, usitazame uso wa hirizi kwanza. Tazama matundu na vikuku vya juu, pale mkufu unapopita. Mkufu uliovaliwa miaka hula kikuku upande mmoja tu, ule wa juu unaobeba uzito, mpaka tundu la duara likawa kama yai na waya ukawa mwembamba mahali pale. Kidole hakiwezi kughushi jambo hilo kwa haraka. Anayezeesha kwa tupa husugua pande zote, na mikwaruzo yake hukimbilia upande mmoja, myepesi na mikali. Mikwaruzo ya kweli imepishana, ina kingo laini.

Kisha geuza nyuma. Mgongo wa hirizi ulilala juu ya nguo kifuani, kwa hiyo unapaswa kuwa laini kama kijiko cha zamani, na mara nyingi umebonyea kidogo. Uso wenye nakshi umelika kwenye vilele, umebaki mweusi kwenye mabonde. Hapa ndipo vya kughushi hujifichua: vimetiwa dawa ya salfa, basi weusi umeenea sawasawa kila mahali, hata pembeni pa vikuku ambako msuguano ungeufuta. Ukipangusa kwa kitambaa cheupe na weusi ukatoka kama masizi, umepakwa karibuni.

Hirizi nyingi za Oman zilipambwa kwa karatasi nyembamba ya dhahabu iliyobandikwa juu ya fedha, usoni tu. Kwenye kazi ya kale dhahabu hiyo imekatika hapa na pale, kingo zake zinaonekana kwa lenzi, na vilele vimebaki vyeupe. Njano iliyoenea bila mshono hadi mgongoni ni maji ya dhahabu ya umeme.

Kazi ya nyundo nayo ina alama zake. Nakshi iliyosukumwa kutoka nyuma huacha mabonde upande wa ndani, na hakuna maua mawili yanayolingana kabisa. Iliyomiminwa kwenye kalibu ina vitundu vidogo kama vya sindano, na maua yake ni mapacha. Nyororo ndogo zinazoning'inia chini ya hirizi, zile zenye vijikengele, zihesabu. Kukosekana kwa moja au mbili ni kawaida na hakunisumbui. Zikiwa zote zipo, zote mpya, na hirizi ni kongwe, zimebadilishwa, na bei ishuke.

Muhuri wa "925" au neno "SILVER" maana yake ni kazi ya karibuni, iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la wageni. Vitu vya kale vya Oman kwa kawaida havina muhuri. Si kosa kununua chenye muhuri kama umekipenda, ila ulipie fedha na mkono wa fundi, usilipie miaka ambayo hakikuishi. Jua pia kwamba maduka yana fedha ya Yemen, India na Afghanistan iliyopangwa rafu moja na ya Oman. Ya Yemen mara nyingi ni nzuri mno, yenye punje ndogo ndogo na waya uliosukwa, na haina haja ya kubandikwa jina lisilo lake. Ya Afghanistan huwa na vioo vya rangi na madini dhaifu. Pima.

Shanga nyekundu utaambiwa ni marijani. Tazama kwa lenzi: marijani ina mistari myembamba kama ya mti, kioo kina viputo, plastiki ina mshono wa kalibu kwenye tundu. Kaharabu ya kweli huelea kwenye maji ya chumvi nyingi, vijiko saba vya chai katika robo lita. Plastiki nyingi za kuigiza huzama.

Jambia, na kile usichopaswa kukigusa

Kwa riali 300 jambia zuri la kale halitaingia pamoja na hayo mengine, nakushauri uliache. Lakini ukitaka kulitazama, anzia kwenye mpini. Majambia ya zamani ya thamani yalikuwa na mpini wa pembe ya kifaru, mengine ya ndovu. Biashara ya kimataifa ya pembe ya kifaru imepigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 1977, na kwetu Tanzania, kama ilivyo Kenya, kukutwa nayo ni kesi ya nyara yenye kifungo kirefu. Kusema "ni ya zamani" hakutakuokoa uwanjani. Pembe ya kifaru, ikitazamwa upande ilipokatwa, ina vitone vingi vidogo kama ncha za nywele zilizobanwa pamoja. Pembe ya nyati au ng'ombe ni laini bila vitone. Utomvu wa kiwandani una viputo. Kama huwezi kutofautisha kwa uhakika, na wengi hawawezi, chukua lenye mpini wa mti au uliofunikwa fedha yote.

Jambia la mtindo wa Saidi, yaani wa ukoo unaotawala Oman, lina mpini uliovikwa fedha na vikuku saba alani. La kawaida lina vinne. Hesabu vikuku, kisha toa ubapa alani: utoke kwa kubana kidogo, usicheze. Angalia pembeni pa karatasi ya fedha pale inapokunjwa nyuma ya ala. Manjano yanayochungulia kwenye mkunjo ni shaba iliyovishwa. Mshipi wa zari hufifia na kukatika nyuzi. Mshipi unaometa kama wa bwana harusi wa jana, juu ya ala kongwe, umeshonwa upya. Ufundi na desturi ya jambia la Oman viliingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2022, na kwa haki kabisa: ni kazi ya mafundi wengi juu ya kitu kimoja.

Jambo zito zaidi ni vitu vya ardhini. Vichwa vya mishale, vigae, shanga za makaburi, maandishi ya mkono: usinunue, hata kwa riali tano, hata mtu akikunong'oneza kwamba kavipata shambani kwake. Oman ina sheria ya urithi wa utamaduni ya mwaka 2019, na vitu vya kale vinavyolindwa havitoki nchini bila kibali cha wizara inayosimamia urithi. Mapambo ya kawaida ya fedha yanayouzwa dukani kwa risiti si tatizo la aina hiyo. Kitu kikiwa cha kipekee sana, au muuzaji akisita kuandika risiti, mwombe akuonyeshe kibali kabla hujatoa pesa.

Wapi, lini, na kwa lugha gani

Mutrah ndilo soko la kuanzia, lakini kwa kujifunza. Maduka yanayotazama bahari yanaishi kwa wageni wa meli. Ingia ndani, pinda kwenye vichochoro, tafuta duka lenye vumbi na mzee aliyeketi. Soko hufunguka asubuhi hadi karibu saa saba mchana, hufunga, kisha huchangamka tena jioni mpaka kama saa nne usiku. Ijumaa asubuhi maduka mengi yamefungwa. Siku mbili za kwanza usinunue. Shika, pima, uliza bei ya vitu kumi, andika gramu na bei kwenye daftari.

Ijumaa hiyo ya asubuhi uwe Nizwa, kama kilomita 160 kutoka Maskati. Mnada wa mifugo huanza saa moja asubuhi na kufikia saa nne watu wametawanyika. Watu wa vijijini huja siku hiyo, na wanaouza fedha ya nyumbani huja nao. Alhamisi kuna soko la Sinaw, ambalo wageni wachache hulifikia. Nenda na jamaa zako wa harusi, si peke yako.

Tumia Kiswahili. Waomani waliorudi kutoka Unguja na bara baada ya 1964, na wengine wengi baada ya 1970, walirudi nacho, na watoto wao bado wanakizungumza. Si kila mwenye duka atakuelewa, kwani wauzaji wengi wa Mutrah ni Wahindi na Wabangladeshi. Lakini ukimwamkia mzee kwa Kiswahili akaitikia, uliza habari za nyumbani kwanza, kahawa ikija kunywa, fedha isitajwe mpaka kikombe cha pili. Maneno yenyewe yatakusaidia: hirizi ni hirz, mrashi ni marash, dele ya kahawa ni dalla, bangili ni bangri. Ni mizigo iliyosafiri kwa majahazi yaleyale.

Bei

Asubuhi ya siku ya kununua tazama bei ya fedha ya dunia, inayotajwa kwa dola kwa wakia ya gramu 31.1. Hubadilika kila siku, kwa hiyo nachukua dola 50 kama mfano tu. Gawanya kwa 31.1, utapata dola 1.61 kwa gramu ya fedha safi. Zidisha kwa 0.3845, kwa kuwa riali imefungwa na dola kwa kiwango hicho: baisa 618 (riali moja ni baisa 1000). Zidisha kwa 0.83 kwa fedha ya reale: baisa 513 kwa gramu. Ile hirizi yetu ya gramu 142 ina basi madini ya riali 73. Reale moja ina riali 14 na nusu. Andika namba ya siku kwenye kipande cha karatasi ukiweke mfukoni.

Hapo juu ndipo unapolipia mkono na uzee. Kwa hirizi iliyopita vipimo vyote, yenye dhahabu yake ya kale na nyororo zake, mara moja na nusu hadi mara mbili ya madini ni bei ya heshima. Iliyovunjika au mpya, ongeza robo, isizidi. Kwa kito kidogo chepesi chenye kazi nyingi hesabu hii huvunjika, maana saa za fundi ni nyingi kuliko gramu, na hapo lipa zaidi bila uchungu.

Kuvutana bei ni desturi, kudhalilisha bidhaa si desturi. Usimwambie mtu kitu chake ni kibovu ili akipunguze. Weka mizani mezani, mwonyeshe uzito, sema madini ni kiasi hiki, mkono wako ni kiasi gani? Swali hilo huyabadilisha mazungumzo, kwa sababu sasa mnajadili kazi. Uliza kitu unachokitaka katikati ya viwili usivyovitaka. Akikataa, mshukuru na utoke taratibu. Mara nyingi utaitwa kabla ya mlango wa tatu, na usipoitwa ujue bei yake ilikuwa ya kweli. Unaweza kurudi jioni.

Kwa riali 300 ningegawa hivi: hirizi moja nzuri kati ya riali 110 na 145, jozi ya mafurungu kwa 80 hivi, na kinachobaki ukiweke mpaka siku ya kumi. Mrashi uwe wa mwisho, kwani wa fedha mwingi ni wa India. Kofia yake ifunguke kwa hesi laini na tumbo lake lisiwe na lehemu ya kijivu. Kasha la njumu usilifikirie. Mengi yanayouzwa Maskati ni mapya kutoka India, mazito, na gharama ya kusafirisha itayapita.

Risiti iandikwe aina ya kitu, neno "fedha", uzito kwa gramu, umri wa kukadiria, bei, jina na mahali pa duka. Piga picha kila kitu pamoja na mizani inayoonyesha uzito. Fedha ibebe mkononi, isikae kwenye sanduku linalopakiwa. Jambia ni kinyume: liende kwenye sanduku la kupakiwa, maana mlangoni watalizuia. Ukifika Tanzania tangaza ulichonacho forodhani na utoe risiti. Ofisa mwenye karatasi yenye gramu hana haja ya kukisia thamani, na makisio kwa kawaida huwa juu.

Ukifika nyumbani

Usisugue kwa majivu, ndimu na chumvi, wala dawa ya meno. Najua ndivyo tulivyolelewa. Vyote vinakwangua, na karatasi ya dhahabu ikishaondoka haibandikiki tena. Karatasi ya alumini na magadi hutoa weusi wote kwa dakika chache, pamoja na ule wa mabondeni unaoifanya nakshi isomeke. Tumia maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya vyombo na brashi laini ya mtoto, suuza, kausha kabisa kwa kitambaa cha pamba. Hirizi yenye karatasi ndani ipanguswe kavu. Hewa ya Tanga ina chumvi na unyevu, kwa hiyo kila kito kiwe na mfuko wake wa plastiki unaofungwa, kimevikwa pamba, mbali na mpira wa kufungia noti, kwani mpira una salfa na utaacha mstari mweusi siku chache tu.

Na kikuku kikikatika, mwambie sonara kabla hajawasha moto kwamba alehemu kwa fedha. Akitumia lehemu ya risasi leo, siku fundi mwingine atakapoipasha moto, risasi itaingia ndani ya fedha na kuila mashimo, na hapo hakuna wa kuirudisha. Ukiona tayari kuna madonge ya kijivu kwenye kiungo cha zamani, mpe sonara ayakwangue yote kito kikiwa baridi, mpaka kwenye fedha nyeupe, ndipo moto uguse.